Bibi wa Nani?

Ofisini walimwita Miwani. Alibuni programu za simu, na safari hii walikuwa wanatengeneza ya kuwakumbusha wenye presha kumeza vidonge. Kama kawaida alianza kwa kuandika kadi ya mtumiaji wa mfano, mtu wa kubuni ambaye wenzake wangemfikiria wakati wa kazi: mwanamke, miaka sitini na tatu, mjane, elimu ya msingi. Wajukuu hakuwaandika, lakini kwa umri huo nani hana? Basi herufi zikawa kubwa, na kila asubuhi simu ikawa inasema, "Shikamoo bibi, umemeza dawa?"

Wa kuijaribu hakuhangaika kuwatafuta. Mama yake na mama yake mdogo ni mapacha, wajane wote wawili, walisoma darasa moja, wanaishi nyumba moja, na presha wote wanayo. Akawawekea programu, akaondoka kifua mbele.

Baada ya wiki akarudi. Simu zote mbili zilionyesha "Nimemeza" siku saba mfululizo. Lakini kwenye droo ya mama, pakiti ya vidonge haikuwa imeguswa.

"Mama, mbona umebonyeza na hujameza?"

"Nilibonyeza inyamaze."

"Imekuudhi nini?"

"Bibi, bibi! Bibi wa nani? Umeniletea mjukuu nisijue?"

Miwani akamgeukia mama yake mdogo. Alikuwa anakunja nguo kitandani.

"Mimi sijazaa," alisema taratibu, "na sasa kila asubuhi kuna mtu ananiamkia bibi. Naitikia marahaba, nameza."

Miwani akampeleka mama zahanati. Presha ilikuwa imepanda, ila si ya kulazwa. Njiani alijaribu kulipanga jambo hilo kichwani, likawa halipangiki. Walizaliwa siku moja, kila mstari wa kadi uliwafaa wote wawili. Sasa alikosea wapi?

"Futa umri," mkuu wake alimwambia kesho yake.

"Herufi kubwa wote wawili wamezishukuru."

"Basi uache."

"Umri ndio uliotuletea bibi."

Mkuu akakuna kichwa. "Sasa unataka nini?"

"Hata sijui."

Mwishowe aliongeza swali moja mwanzoni: "Tukuiteje?" Mama mdogo aliandika "bibi" kabla hajamaliza kuelezwa. Mama akairuka nafasi. Kesho yake simu ikasema "Dawa," ikanyamaza, naye akameza.

Miwani alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, na siku nikipata mtoto? Tuibadilishe?"

Mama aliweka glasi ya maji mezani.

"Kwani una habari?"

"Hapana. Nauliza tu."

"Mambo kama hayo hayaulizwi tu," mama akasema, akavuta kiti cha pili. "Kaa hapa."