Wateja Wasioitwa

Jirani yetu Geertje anadai alimwona kaka yangu Wietse sokoni, amejikunja nyuma ya gari la samaki, akimkwepa mteja wake wa zamani. Ni kweli. Wietse aliacha kazi ya kushauri watu kuhusu fedha benki, akafungua ofisi yake. Mkataba aliotia saini benki unamkataza kuwaita wateja wa benki kwake mwaka mzima; hata kuwasalimu anaogopa. Wakija wenyewe, ruksa. Wiki ya sita hii, hajaja hata mmoja. Hatulii, anazunguka jikoni tu.

"Mdogo wangu, leo unasafisha nyumba ya Bi Hoekstra, mteja wangu wa benki. Mtajie tu mtaa nilipo."

"Na mkataba?"

"Huo umefunga mdomo wangu, si wako. Utamwambia?"

Nilifunga kamba za viatu, nikachukua ufunguo wa nyumba ya yule bibi. "Mtaa tu," nilimwambia.