Paa la Jikoni kwa Mama Lenox

Wazo lilikuwa langu, na nataka lijulikane hivyo kabla mtu hajaanza kumlaumu mchungaji au fundi. Mimi Waceke, mwenyekiti wa akina mama katika kanisa letu hapa Mutuini, ndiye niliyesema mabati yale ya zamani wapewe wajane.

Kanisa lilijengwa mama yangu akiwa bado hajaolewa. Paa lake lilikuwa la yale mabati mazito ya kijivu, ya mawimbi, tunayoyaita mabati ya simiti. Mwaka huu mwezi wa tano tukaezeka mapya mekundu, na ya zamani yakarundikwa kando ya choo, hamsini na kitu, mengi yakiwa mazima kabisa. Kamati ya wanaume ikataka yapelekwe kwa mzee mmoja anayefuga nguruwe. Nikasimama. Nikawauliza kama ni nguruwe waliokuwa wakitoa sadaka miaka hiyo yote, huku wajane wetu wanapikia mvuani. Mimi nikikasirika sipimi maneno, na siku hiyo hakuna mwanamume aliyenijibu.

Basi wakapewa wajane sita. Kabla ya kuwapa tuliyasugua, maana yalikuwa yameota kuvu, na mimi siwezi kumpa mtu zawadi chafu. Tulikaa siku mbili na brashi za waya, akina mama kumi na wawili, tukiimba, vumbi limetujaa hadi kwenye kope. Tulichekana kwamba tumeota mvi zote kwa siku moja. Jumapili yake nikaitwa mbele nikapigiwa makofi. Niliyafurahia yale makofi, siwezi kudanganya.

Wa kwanza kupewa alikuwa Naliaka, ambaye sote tunamwita Mama Lenox. Alikuja huku kutoka Bungoma na mumewe, mumewe akafariki, akabaki na kiploti kidogo chini ya barabara. Jikoni kwake alikuwa amefunika maturubai. Tukampa mabati manane, fundi akayatoboa na kuyapigilia, na tangu hapo yule mama hapiti kwangu bila kuniachia mboga mlangoni. Analea mjukuu, Maurine, mtoto wa binti yake Jacklyne anayeuza dukani kule mtaa wa Satellite. Mtoto ana mwaka mmoja na nusu. Mchana hulala mle jikoni kwenye mkeka, kwa sababu ndimo mlimo na joto.

Sasa, Jumatano ya wiki iliyopita nilienda tao, katikati ya jiji, kutafuta kitambaa cha sare za akina mama. Nyuma ya Moi Avenue nikakuta kichochoro ninachopitia siku zote kimefungwa kwa utepe. Juu ya jengo moja kuukuu kulikuwa na wanaume wamevaa nguo nyeupe kuanzia kichwani mpaka miguuni, na barakoa kubwa za mpira usoni. Mmoja alikuwa anarashia paa maji. Wengine walifungua misumari polepole na kuteremsha bati moja moja kwa kamba, bila kutupa hata kipande. Likifika chini lilifungwa kwa plastiki nzito na kubandikwa karatasi ya onyo. Nikalitazama lile bati vizuri. Lilikuwa la kijivu, zito, la mawimbi.

Kulikuwa na msimamizi amesimama karibu na utepe, jina lake limeandikwa kifuani, Kitonga. Nikamtania.

"Kwani mnateremsha mayai?"

"Mama, rudi nyuma kidogo, hapo si pazuri," akasema. Niliporudi nyuma akanifuata. "Hii ni asbesto. Ikikaa nzima imetulia juu ya nyumba, haina maneno mengi. Shida ni ukiikata, ukiitoboa, ukiivunja, ukiisugua. Inatoa nyuzi ndogo, macho hayazioni. Unazivuta, zinaingia kwa mapafu, na nyingi hazitoki tena."

"Na mtu anaanza kuugua lini?"

"Hapo ndipo inachezea watu. Miaka ishirini, thelathini, hata arobaini. Mapafu yanakuwa magumu, pumzi inapotea, ama ni saratani. Si kila mtu, mama. Lakini hakuna daktari atakuambia kiasi hiki ni salama."

"Na kama mtu ameisugua na brashi ya waya?"

Akanitazama sana. "Nani huyo?"

"Nauliza tu."

"Huyo mwambie asirudie, na aelezee daktari wake. Na kama iko juu ya nyumba yake asiiguse. Aite watu wenye leseni." Akaandika namba yake kwenye kikaratasi akanipa. Nadhani alishajua nauliza habari za nani.

Kitambaa sikununua. Nilisimama pale mbele ya duka la viatu. Na Mungu ananijua, sikuanza kwa kufikiria mapafu yangu. Nilimfikiria Mama Lenox, kwa sababu Jumapili baada ya ibada alinishika mkono akaniambia kwa furaha kwamba Jumamosi mwanawe Lenox anakuja kutoka Dagoretti Corner, anakofanya kazi ya kuchomelea mageti. Amenunua bomba la moshi. Atakata tundu kwenye paa apitishe bomba, mtoto aache kuumwa macho na moshi. Nami nilimwambia huyo ndiye kijana wa kuzaa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa kwa Mchungaji Ndungu kabla hajamaliza chai. Nikamweleza yote. Akajipapasa paji la uso.

"Mama Cate," akasema, akiniita kwa jina la binti yangu, "tukilitoa jambo hili hivi hivi, watu watasema kanisa limewapa wajane sumu. Ngoja kamati ikae Jumapili."

"Jumamosi inakuja kabla ya Jumapili, mchungaji."

"Basi huyo mmoja mwambie asikate. Si lazima umwambie kila kitu."

Hapo ndipo nilipopaswa kumfokea. Mimi, niliyewafokea wanaume kamati nzima kwa sababu ya nguruwe. Lakini nilitoka pale roho ikiwa imetulia, kama mtu aliyeruhusiwa kutoka hospitali. Nilitaka kuambiwa ninyamaze, nikaambiwa. Kila nikikumbuka ule wepesi niliotembea nao kurudi nyumbani ninajichukia.

Ijumaa jioni nikaenda kwa Mama Lenox. Alinikaribisha jikoni, akanitolea kiti kile kizuri, akamimina chai. Mtoto alikuwa amejishikilia kwenye sketi yangu akijaribu kusimama. Juu ya vichwa vyetu, pale fundi alipotoboa, niliona kingo za matundu zimechanika, na kuna unga mweupe kwenye boriti. Miezi yote hiyo nilikuwa nimeingia mle na sikuwahi kuinua macho.

Maneno yalinijaa mdomoni. Ningeanzaje? Kwamba ile zawadi niliyopigiwa makofi ni kitu watu wa tao wanakifunga kwa plastiki? Alikuwa anaongea habari za bomba, akinionyesha kwa mikono litakapopita. Nikamuuliza kama Lenox hawezi kuliacha kwanza.

"Kwa nini, Mama Cate?"

"Hayo mabati ni ya zamani," nikasema. "Akikata yatapasuka."

Uongo ulitoka laini, hata mimi nilishangaa. Akafikiri kidogo, akasema atamwambia. Akaniongezea chai, nami nikanywa.

Usiku ule sikufumba macho, lakini sitasema kukosa usingizi kulimsaidia mtu yeyote. Asubuhi nilijiambia nitakuwa kwake saa mbili. Nikafua. Nikafagia uwanja ambao Cate binti yangu alikuwa ameufagia jana yake. Nikapiga pasi nguo za kanisani za kesho. Saa nne ndipo nilipoteremka ile njia, na kabla sijafika getini nikasikia grenda, ile mashine ya kukatia vyuma, inalia kisha inanyamaza.

Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Ukafunguliwa nikiwa napiga hodi, na wingu likatoka, halafu akatoka Lenox. Alikuwa mweupe nywele, nyusi, shingo, mpaka mikononi. Shati lake amelifunga puani kama leso. Alicheka aliponiona.

"Auntie, shikamoo. Mathe aliniambia umesema itapasuka. Basi sikuikatia juu. Nimeiteremsha, nikailaza hapa ndani chini, nikafunga mlango upepo usiitingishe. Nimekata polepole, karibu saa nzima. Kazi safi."

Nikaingia. Bati lilikuwa sakafuni, katikati kuna tundu la mviringo limekatwa vizuri kweli. Kila kitu kilikuwa na vumbi, sufuria, kuni, ndoo ya maji, mkeka. Mama Lenox alikuwa ameinama anafagia, na Maurine yuko mgongoni kwake, amefungwa leso. Alikuwa amemshikia mwanawe lile bati muda wote, mtoto akiwa mgongoni. Kila alipovuta ufagio lile vumbi lilipanda, na jua lililoingia kwenye pengo la paa lilinionyesha linavyomzunguka mtoto usoni.

"Ona, Mama Cate," akaniambia, amefurahi sana. "Ulisema litapasuka. Halikupasuka."

Nikamwambia aache ufagio. Alidhani natania. Nikamnyang'anya. Nikawatoa wote nje, nikafunga mlango, na hapo uwanjani, karibu na kamba ya nguo, nikawaambia. Nilisema lile jina, asbesto. Nikasema habari za nyuzi, mapafu, ile miaka, na wale wanaume wa tao. Nikasema wazo lilikuwa langu na brashi zilikuwa zangu.

Mama Lenox alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Jumatano."

Akahesabu. Nilimwona akihesabu.

"Jana ulikunywa chai hapa."

"Ndiyo."

"Vikombe viwili."

Lenox alisogea kando, akajifungua lile shati puani, akalitazama ndani. "Auntie, ungesema tu," akasema. "Ningeiacha. Si ungesema tu." Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Nikampigia Kitonga. Akaniambia la kufanya, nami nikawa narudia maneno yake kwa sauti. Wajimwagie maji hapo nje kuanzia kichwani, wavue zile nguo zikiwa zimelowa, zifungwe kwenye mifuko. Mtoto aoshwe, nywele na masikio. Bati lisirudishwe juu. Jikoni asiingie mtu, asifagie mtu. Jumatatu atakuja mwenyewe na vijana wake, wenye vifaa. Nikamuuliza kuhusu mtoto. Akasema saa moja si sawa na kufanya kazi hiyo miaka, tusikate tamaa, lakini hawezi kuniapia. Hilo pia nilikuwa nimelirudia kwa sauti kabla sijajizuia.

Mama Lenox alimwogesha mjukuu wake mara tatu. Alimpitishia kitambaa masikioni, puani, katikati ya vidole, taratibu, na Maurine akawa anapiga maji akicheka. Nilitaka kumsaidia kushika beseni. Akalivuta upande wake.

Alipomaliza kumvika mtoto akanigeukia.

"Umesema miaka mingapi?"

"Ishirini. Thelathini. Pengine arobaini. Na pengine isitokee kitu, Mama Lenox. Amesema si kila mtu."

"Mimi sitakuwepo," akasema. "Wewe pia hutakuwepo."

Akaingia nyumbani. Nilifikiri amekwenda kulia, nikawa najipanga nitamwambia nini akitoka. Alitoka na kitabu cha kliniki cha mtoto, kile cha chanjo, na kalamu. Akakiweka mapajani kwangu.

"Daktari akimwuliza siku hiyo alivuta nini, atajua aje? Andika."

"Niandike nini?"

"Tarehe ya leo. Jina la hiyo kitu. Ilikatiwa wapi, na mtoto alikuwa wapi. Andika pia habari za Jumatano."

Nikaandika chini ya chanjo ya surua, palipokuwa na nafasi. Mwandiko wangu ni mzuri, ndiyo maana kanisani hunipa niandike kumbukumbu za mikutano, lakini pale herufi zilikataa kukaa kwenye mstari. Niliandika kila alichosema. Nikaandika kwamba Jumatano nilijua na Ijumaa sikusema. Nikampa.

Alisoma polepole, midomo ikisogea, mtoto akiwa begani amekwisha kusinzia. Akasoma tena tangu mwanzo. Kisha akanirudishia kile kitabu kikiwa wazi.

"Hujaandika jina lako," akasema.