Kachana Anatafuta Jiwe

Kwanza Kachana alilaumu jiwe, na nani angemshangaa? Mwanamke aliyelainisha kuta za ua wa ukoo wa mumewe tangu alipoolewa, zikang'aa hadi watu wakatoka mji wa Tiebele kuja kuzitazama, siku akiona udongo unabanduka chini ya mkono wake hawezi kuanza kuushuku mkono. Jiwe ndilo limechoka. Akalitupa.

Basi akashuka mtoni, kiangazi kimebakiza vidimbwi tu, akaanza kuchagua upya. Jiwe la kulainishia ukuta halichaguliwi kwa uzuri. Unalishika ukiwa umefumba macho. Likijaa kiganjani bila kukukunja vidole, huenda likafaa. Unalilamba, likinyonya mate upesi, achana nalo, maana litanyonya na maji ya udongo. Unalipitisha shavuni, na shavu likiridhika, ukuta utaridhika. Kisha unalisugua kwa mchanga laini na maji, unalipaka mafuta ya shea, unalilaza kivulini juu ya kitambaa, mbali na moto. Hayo yote Kachana aliyajua kuliko alivyojua njia ya kwao. Jambo moja tu lilimtatiza: akifumba macho, hakuweza kujua kama jiwe limejaa kiganjani au la. Akasema mto nao umeharibika siku hizi.

Hakuwa na mtoto. Aliwazika wote wakiwa wachanga, kisha akamzika na mume. Kilichomfanya awe mtu katika ua ule ni kuta. Wenzake walikanda udongo na mavi ya ng'ombe, wakakandika, wakapaka rangi, lakini kulainisha pale mlangoni, panapoonwa na kila mgeni, ilikuwa kazi yake. Akiondolewa pale angebaki kikongwe wa kugawiwa ugali wa mtama. Alilijua hilo, na lilimnyima usingizi.

Jiwe la kwanza lilichuna rangi. La pili likaacha mikwaruzo. Kayaga, mke mwenzake mdogo, mwanamke mwenye maneno, akamtania mbele ya watu.

"Bi mkubwa, ukimaliza kuuhamishia mto hapa uani, samaki watalala wapi?"

Wakacheka. Kachana naye akacheka, ingawa moyoni alitamani kumpiga kofi.

Jiwe la tatu lilikuwa jeusi, refu, pana kama ulimi wa ng'ombe. Alisugua nalo asubuhi nzima upande wa kulia wa mlango, jasho likimwingia machoni mpaka akashindwa kuona vizuri anachofanya. Jua lilipopanda, Kayaga akamwomba akasimamie chungu cha maganda ya mti wa nere, ambayo maji yake hupakwa juu ya ukuta, kwa kuwa wasichana wangeyapika maji yakawa mepesi na rangi isishike. Ni kweli, kwa kupika maji yale hakuwa na mpinzani. Akaenda, akakaa na chungu hadi maji yakawa mazito na mekundu. Aliporudi, ukuta aliouacha na mashaka ulikuwa laini, unameremeta.

Furaha aliyoipata, maskini, hata kuisimulia kunauma. Alijiambia kwamba kazi ya jiwe zuri huonekana udongo ukishatulia. Akaliosha jiwe mbele ya wote, akalipaka mafuta, akawakalisha wake wapya na kuwafundisha namna ya kuchagua. Wakamsikiliza kwa adabu nyingi mno. Mtu mwingine angeshtushwa na adabu ile.

Jioni jua lilipokuwa chini na kuupiga ukuta kwa ubavu, akaenda peke yake kuitazama kazi yake. Mwanga wa namna hiyo hauna siri, huonyesha kila mahali jiwe lilipopita. Jiwe lake refu lilipaswa kuacha mapito mapana. Pale palikuwa na mapito membamba, mafupi, yote yakilalia upande usio wake. Uani pale mtu wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja.

Akamkuta Kayaga akiosha vyungu.

"Ukuta wangu umeumaliza wewe?"

Kayaga hakujifanya kushangaa. Alikausha mikono kwanza. "Tulisaidiana. Mimi nilimalizia."

"Tangu lini mnanifanyia hivi?"

"Tangu mwaka juzi, bi mkubwa."

Mwaka juzi. Kachana akakumbuka wageni waliomsifu, na jinsi alivyowajibu kwa kuinamisha kichwa, akijidai hapendi sifa. Uso ukamchoma. Kayaga akamshika mkono wa kulia, akamfinya ncha za vidole kwa kucha. Kachana aliona kucha zikizama nyamani. Hakusikia kitu.

"Mkono umekufa ganzi zamani," Kayaga akasema. "Hakuna jiwe litakaloufaa."

"Basi kesho nitabeba maji."

"Maji ni kazi ya maharusi. Ukibeba wewe, watu watasema mume kafa nasi tumekugeuza kijakazi. Ukoo mzima utatukanwa. Kaa mlangoni pako."

"Nikae nifanye nini?"

"Usugue tu, bi mkubwa. Sisi tupo."

Alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Hata kuacha kazi hakuruhusiwa. Wangemtunza hivyo hivyo, kwa heshima, mwaka hadi mwaka, mpaka azikwe akiitwa fundi.

Asubuhi wakakandika upande wa kushoto wa mlango, wakampisha. Kachana akapiga magoti, akashika jiwe lake jeusi, akaanza kusugua. Hakusikia ubichi wa udongo wala ukavu wake. Nyuma yake wanawake walisimama, mawe mikononi, wakimngoja achoke.