Kapita Apimwa Shingo

Mimi, Urbain, mwanafunzi wa bweni wa mwaka wa tatu kwa mapadri, nakiri kwamba mbwa wa koko Berthe alihukumiwa kufa kwa sababu ya mchezo wangu.

Koko ni bibi yangu, mama mzazi wa papa. Macho yake yameingia ukungu, na kila asubuhi mbwa wake, Kapita, humtangulia kwenda kwenye vichanja vya kukaushia samaki hapa Wagenia. Koko hushika kamba, Kapita huvuta, na wote wawili hufika.

Jumamosi ile ya likizo niliwapanga watoto mstari, kama tunavyopangwa siku wapimaji wa ugonjwa wa malale wanapokuja. Nilivaa kofia ya papa, nikakunja uso kama daktari wa Serikali, nikapapasa shingo moja moja kutafuta vinundu. Wote niliwakuta wazima, isipokuwa wakorofi, ambao niliwaandikia sindano kumi kila mmoja. Mwisho nikamwita Kapita. Akainamisha kichwa kwa heshima zote.

Chini ya sikio la kushoto palikuwa na uvimbe, mgumu kama chikichi. Wiki moja kabla nilikuwa nimemwogesha, na haukuwapo.

Ningenyamaza. Lakini tonton Cyprien, mdogo wake papa, alikuwa amesimama nyuma yangu, na daktari hawezi kukosa neno mbele ya watu.

"Malale," nikatangaza, nikamchora Kapita alama ya chokaa kifuani.

Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa na habari. Wapimaji wa kweli walikuwa wanakuja Alhamisi. Wakikuta malale kwetu, hakuna ambaye angepewa karatasi ya kusafiri, na samaki wetu wasingefika sokoni Banalia. Tonton akaamua kwamba Jumatano asubuhi Kapita atafungwa jiwe na kutupwa kwenye maporomoko ya mto. Hakuwa mkatili. Ana watoto sita, na wote wanaishi kwa samaki hao.

Nilieleza kwamba ulikuwa mchezo. Tonton akanikumbusha barua ya padri mkuu niliyoileta mwaka jana, ya kuwaalika wazee kula kuku misheni. Walikwenda, tena wamevaa viatu. Kuku hakuwapo, na padri pia hakuwapo.

Koko peke yake ndiye aliyeniuliza swali.

"Mukono yako iligusa kitu, ao haikugusa?"

"Iligusa, koko."

"Bon. Basi haikukuwa muchezo."

Jumanne nikampeleka Kapita kwa Yakubu, muuguzi wa zahanati. Nilitegemea anifukuze. Badala yake aliuliza uvimbe ulianza lini, kama mbwa anakula, kama amekonda. Alipapasa shingo pande zote mbili, kisha kwapani.

"Malale inaletaka vinundu vidogo, nyuma ya shingo, pande mbili," akasema. "Hii iko moja, na imeshikamana na nyama. Hii hapana malale."

Nikaanza kufurahi mapema. Alichoma sindano nyembamba, akatazama. Usaha haukutoka, ila tone la damu, na uso wake haukunipendeza. Akanikataza kuuminya, au kumwacha mtu auchome kwa chuma cha moto. Alisema daktari wa ng'ombe wa Wazungu atapita mjini Jumatatu, naye huenda akaukata ukiwa bado mdogo. Akikataa, tutamwomba tena.

Akatoa karatasi aniandikie. Nikamsihi asiandike, maana karatasi ikitoka mkononi mwangu haina kazi pale Wagenia. Aje mwenyewe.

Akaja kwa baiskeli. Mbele ya watu alipapasa shingo ya Kapita, kisha ya tonton, ili kila mmoja aone kazi inavyofanywa. Akaeleza yote upya. Tonton akalifungua jiwe alilokwisha kulifunga kwenye kamba.

"Si malale," koko akasema. "Alors iko nini?"

Kwa mazoea, watu wakanigeukia mimi. Nilikuwa na majina matatu ya Kilatini tayari mdomoni.

"Sijue, koko. Jumatatu nitamupeleka."

Akataka nimwonyeshe mahali. Nikashika kidole chake, nikakiweka juu ya uvimbe. Kapita alitulia. Koko hakukiondoa kidole kwa muda mrefu.

"Leo iko Jumanne," akasema. "Jumatatu iko mbali."