Kumtafutia Bibi Mume

Sebuleni mwa fundi cherehani, katika tangi la kioo, waliishi samaki wawili wa baharini wa rangi ya chungwa na mistari myeupe. Familia ilimwita mkubwa Bwana na mdogo Bibi, kwa hoja kwamba mwenye mwili ndiye mwenye nyumba. Mume wa fundi, aliyewanunua, aliwahi kueleza mezani kwamba mkubwa ndiye jike; kwamba samaki wa aina ile wote huanza maisha wakiwa madume; na kwamba jike akifa, mumewe hukua na kugeuka jike mahali pake. Watu walicheka hadi kushika mbavu. Alikuwa na uso mmoja kwa mzaha na kwa kweli, nao wasikilizaji walichagua kila mara kile kisichowasumbua.

Mume alifariki, na Bwana akamfuata baada ya miezi michache. Bibi akabaki peke yake karibu mwaka mzima, akila vizuri na kunenepa, jambo ambalo halikutazamiwa kwa mjane.

Shemeji wa fundi, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa dalali wa nyumba, na ukuta wa mapokezi ya ofisi yake ulikuwa mtupu. Alianza kusema kwamba tangi ni la kaka yake, kwamba samaki mpweke hufa kwa kihoro, na kwamba nyumba isiyo na mwanamume haiwezi mambo ya pampu ya tangi. Fundi, aliyekuwa akisafisha pampu hiyo tangu mumewe yu hai, alijibu kwamba tangi halitoki. Baada ya mabishano marefu walipatana hivi: Bibi atafutiwe mume, wakikaa kwa amani hadi mwisho wa mwezi, tangi libaki, wasipokaa, liende.

Dukani, shemeji alimchagua mume kwa macho yake mwenyewe. Muuza samaki alipoulizwa dume ni yupi, alitazama kilikoelekea kidole cha mteja, akathibitisha kuwa ni huyo huyo. Alikuwa pande la samaki.

"Mume ni kimo, shemeji," alisema dalali. "Mengine ni maneno."

Wale samaki hawakuoana. Waling'atana midomo, wakabamizana kwenye kioo, na hadi jioni mkia wa Bibi ulikuwa umechanika kama kitambaa kilichopitiwa na mkasi butu. Fundi alileta chujio la plastiki kutoka jikoni, akalitundika ndani ya maji na kumfungia mgeni humo. Kisha akakaa na kutazama. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kuhusu majike hawakusema neno, pengine kwa kuwa hakuna aliyewauliza. Fundi alimlinganisha Bibi na kumbukumbu yake ya Bwana, akaona Bibi amempita. Ndipo alipofikiria, kwa mara ya kwanza, kwamba huenda mumewe hakuwa anatania.

Kesho yake alimrudisha mgeni dukani na kuomba abadilishiwe, apewe mdogo kuliko wote.

"Huyo hafai, mama," alisema muuza samaki. "Wenzake wote wanamwonea."

"Basi ndiye huyo."

Alimweka yule mdogo kwenye chujio kwanza, wazoeane kwa macho, mpaka mkia wa Bibi ulipopona. Alipomfungulia, Bibi alimjia kwa kasi. Mdogo hakukimbia wala hakupigana. Alilala kiubavu na kutetemeka kuanzia kichwa hadi mkia. Bibi alimzunguka mara moja, akaenda zake.

Mwisho wa mwezi shemeji alifika na ndoo mbili na mpira wa kunyonyea maji. Aliinama mbele ya tangi wakati mdogo akitetemeka, akaridhika.

"Huyu ana degedege. Hafiki kesho."

"Hana ugonjwa, shemeji. Anatoa shikamoo."

"Kwa mkewe?"

"Kwa mkewe. Ndiyo maana bado yu hai."

Shemeji alisema atasubiri ajionee. Alikaa na ndoo mapajani hadi chai ikapoa. Samaki walikula pamoja, kisha Bibi akatangulia kuingia katika chungu kilicholazwa kwenye mchanga, mdogo akamfuata, wakatulia ubavu kwa ubavu. Shemeji aligonga kioo kwa kidole. Bibi alichomoka na kukirukia kile kidole, naye akakiondoa upesi, ingawa kioo kilikuwapo.

"Kaka alilijua hili?"

"Alitwambia mezani. Wewe ndiye uliyecheka kuliko wote."

Shemeji aliziweka ndoo chini, akainuka. Aliukunja mpira wake, akaziokota ndoo na kuelekea mlangoni. Fundi alimwomba aache moja, ya kubadilishia maji.

Akaiacha.