Ufunguo wa Jumamosi

Jumamosi hiyo Fardosa alifungua milango miwili: wake wa vitambaa, na wa jirani yake Kwamboka, mshonaji wa sare za shule. Tangazo lilikuwa ukutani tangu Jumatano. Safu nzima ya maduka ya zamani hapo mjini Kisii ingebomolewa, na Jumamosi mkaguzi angepita kuandika namba kwenye kila mlango atakaoukuta na biashara. Mlango usio na namba haungepata kibanda katika soko jipya. Aliyeichagua siku hiyo, ama hakuwajua Wasabato, ama aliwajua mno.

"Kosa kanisa leo tu," Fardosa alikuwa amemsihi alfajiri.

"Sabato si yangu, dada, hata niikate nimpe karani kipande," Kwamboka alijibu, akamtia ufunguo mkononi kama kawaida na kushika njia ya kanisani Nyanchwa.

Kawaida hiyo waliirithi. Ijumaa mchana mzee Gulled, babake Fardosa, alimwachia Persis, mamake Kwamboka, ufunguo wake akaenda msikitini. Jumamosi Persis naye alimwachia wake akaenda kanisani. Sharti la Persis lilikuwa moja: fungua hewa iingie, wapokee akina mama wanaotoka Manga kuja sokoni watue mizigo yao, lakini usiuze hata sindano. Wazee walikufa, mabinti wakalishika sharti.

Saa nne mkaguzi akafika, kijana aitwaye Omwenga, na kopo lake la rangi. Alimkuta Fardosa akimuuzia leso mama mmoja wa Marani, akaandika 11 mlangoni bila swali. Alipogeukia mlango wa pili, Fardosa alikuwa ameshatangulia kizingitini.

"Mathe, wewe tena? Sheria ni mtu mmoja, mlango mmoja."

"Mwenyewe yuko kanisani. Namshikia."

"Basi niuzie zipu. Ukiuza, hiyo ni biashara. Naandika, naenda."

Zipu zilikuwa hapo kwenye rafu, za kila rangi. Mkono wa Fardosa ulisogea. Kwamboka asingejua. Lakini yeye mwenyewe angejua, na aibu ya namna hiyo hailali.

"Hapa leo hakuuzwi kitu."

"Basi hili si duka."

Hapo Fardosa alipandwa na hasira kwelikweli. "Si duka? Pale kona familia ya Makori ilioka mkate, mtaa mzima ukaamshwa na harufu. Hapo kati Jibril mchinjaji alitugawia nyama ya Idi, Waislamu na Wakristo. Nyakundi alitengeneza redio pale, na hakuna aliyerudishiwa yake kabla Nyakundi hajaisikiliza wiki nzima. Wote wamekwenda, hakuna aliyewaandika. Na hapa uliposimama, Persis alinishonea nguo ya harusi. Ijumaa jua likazama, Sabato ikaingia, pindo halijaisha, akaweka sindano chini. Niliolewa pindo likishikwa na pini, zikinichoma hadi usiku. Nilimnunia mwezi mzima. Lakini toka siku hiyo nilijua neno la nyumba hii ni neno."

Omwenga alicheka, ila brashi haikuingia koponi. "Story poa, mathe. Lakini nimeambiwa niandike mfanyabiashara niliyemwona akiuza."

"Umeniona nikiuza?"

"Nimekuona."

"Mtu mmoja, mlango mmoja?"

"Ndiyo."

Fardosa alichukua kitambaa, akakichovya mafuta ya taa, akasugua ile 11 mlangoni pake hadi ikabaki doa tu. "Basi mlango wangu ni huu wa pili. Andika."

"Utajuta."

"Andika, mwanangu."

Akaandika.

Kwamboka alirudi alasiri, Biblia kwapani. Aliisoma namba mlangoni pake, akalitazama doa mlangoni kwa jirani, akaelewa. Machozi yakamtoka palepale barabarani.

"Umeuza nini dukani kwangu?" aliuliza.

"Hata sindano."

Tangu wafahamiane, Kwamboka hakuwahi kupanga mambo ya biashara kabla jua la Jumamosi halijatua.

"Hicho kibanda ni chetu wawili," alisema. "Cherehani yangu itakaa pembeni. Haili nafasi."

"Kwamboka, jua bado liko juu."

"Nimeliona," alisema, akifuta macho. "Mungu atanisamehe."