Kengele Mkononi mwa Kaka

Katika gereji ile waliyoigeuza ukumbi wa ngumi hapakuwa na refa, na sheria ilikuwa moja: pambano halikatizwi ila kwa kengele. Kengele yenyewe ilikuwa ringi kuukuu ya gurudumu la gari iliyogongwa kwa nyundo, na mgongaji alikuwa Majira. Saa hana, lakini akikaa juu ya ndoo yake, kimya kama mtungi, raundi ilitimia barabara. "Tumbo langu ndilo linalohesabu," alikuwa akijigamba. Basi Kitinda, mdogo wake wa mwisho, alipotakiwa kupigana na bondia aliyeitwa Mchinjaji, alikubali bila wasiwasi. Kaka si yupo?

Kitinda alianza kwa moto. Ngumi ya kushoto, mdomo wa Mchinjaji ukapasuka. Lo! Majira akainuka kwenye ndoo, jambo asilolifanya hata siku moja. "Mpe! Mpe tena!" Akawa anarusha ngumi hewani, anakwepa, anaruka, jasho linamtiririka. Mwalimu wao wa ngumi naye, mtu mzima na kitambi chake, akawa anacheza hivyo hivyo pembeni.

Mchinjaji akambana Kitinda kwenye kamba. Akamponda mbavu. Akaivunja pua, damu ikaruka hadi sakafuni. Mikono ya Kitinda ikalegea, miguu ikagoma. Kamba tu ndizo zilizomshikilia, na ngumi zinashuka kichwani, moja baada ya nyingine.

"Kaka! Kengele!"

Majira alimsikia vizuri sana. "Vumilia, bado mapema!" akajibu, huku akiichapa hewa. "Inua mikono, wewe!"

Kitinda akaita tena, kwa sauti ndogo. Kisha akateleza chini, damu ikimtoka sikioni.

Ndipo Majira akagonga. Akagonga na kugonga mpaka mwalimu akamnyang'anya nyundo.

"Raundi ndiyo kwanza ilianza," Majira akalia. "Haki ya Mungu, mwalimu, ndiyo kwanza!"

"Hata mimi niliona hivyo," mwalimu akasema, akihema.

"Hata mimi," akasema Mchinjaji, glovu zimelowa, machozi yakimshuka.

Wote watatu walisema hivyo, na hakuna aliyedanganya; kila aliyekuwa akirusha ngumi, muda ulimpita bila kuuona. Urefu wa raundi ile aliujua mmoja tu, yule aliyekwama kwenye kamba akimwita kaka yake, na sasa Majira alikuwa amemlalia kifuani akitafuta pumzi ya mdogo wake, asiipate.